Kuomba Bima ya Maisha: Siku Ngapi, na Utegemee Nini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule, baada ya chakula cha mchana.)



Awali ya yote nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mahali hapa. Kati ya 1981 na 1984 nilisimamishwa mbele ya bwalo hili mara kadhaa, lakini siku zile haikuwa kwa sababu za heshima.

Katibu wetu ameniomba nizungumze juu ya kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, yaani kazi ya bima ya maisha. Napenda mjue tangu mwanzo kwamba sikuja kuuza bima. Mimi si wakala wa kampuni yoyote, na hakuna atakayenilipa kitu mkitoka hapa mkaenda kujaza fomu. Nimekuja kujibu swali moja ambalo wengi wenu mmeniuliza kwa simu, msibani, na hata kwenye arusi: "Mzee, nikiomba bima leo itachukua muda gani, na watanifanyia nini?"

Swali hili linatuhusu hapa zaidi kuliko mahali pengine. Kila mwaka, kabla ya kula, tunasimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliotutangulia, na Katibu husoma majina yao. Kila mwaka orodha inakuwa ndefu kidogo. Kisha daftari la rambirambi huzunguka mezani, na kila mtu hutoa alichojaliwa. Ni jambo jema, na tusiliache. Lakini sote tunajua mchango wetu unafika wapi. Unatosha sanduku, turubai na gari la kumpeleka marehemu kwao. Hautoshi kumsomesha mtoto aliyeachwa kidato cha pili.

Basi twende polepole, hatua kwa hatua.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini kampuni ya bima inauliza maswali mengi hivyo. Wengi hudhani ni udadisi. La hasha. Mwaka 1693 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imeitwa kwa jina lake, alichukua hesabu za waliozaliwa na waliofariki katika mji wa Breslau, ambao leo uko nchini Poland. Kwa hesabu zile alionyesha kwamba ukijua umri wa watu wengi, unaweza kukadiria ni wangapi kati yao watakufa mwaka ujao, ijapokuwa huwezi kujua ni nani. Mwaka 1762 ikaanzishwa London jumuiya iliyoitwa Equitable, iliyotoza ada kufuatana na umri wa mtu. Msingi huo ndio unaotumika hata leo. Watu wengi wanatia fedha katika chungu kimoja, wachache wanatangulia, na jamaa zao wanalipwa kutoka katika chungu kile. Mwenye kuingia na maradhi aliyoyaficha anakula katika chungu zaidi ya alichotia, na wanaopunjika ni wenzake, si tajiri fulani aliyekaa ghorofani.

Hapa kwetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa ndilo pekee lenye kufanya kazi ya bima Tanzania Bara. Sheria ya 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na sheria ya 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, tunayoiita TIRA. Naeleza haya kwa sababu moja tu. Siku hizi makampuni ni kadhaa, na kila moja ina fomu zake na taratibu zake. Kwa hiyo siku nitakazozitaja ni makadirio yatokanayo na kazi niliyoiona mezani kwangu. Msiende nazo kwa ofisa wa bima mkamwambia, "Mzee fulani amesema."

Ziko bima za maisha ambazo hazikawii. Ukiajiriwa mahali penye bima ya kundi, aghalabu unaingizwa pamoja na wenzako bila kupimwa, mradi kiasi chako hakizidi kile walichokubaliana. Ukikopa benki au katika SACCOS, mara nyingi bima ya mkopo inakatwa siku ile ile. Bima za mazishi nazo hupatikana kwa siku chache, na nyingine kwa simu ya mkononi. Lakini angalieni mambo matatu. Bima ya kundi kwa kawaida humalizika siku unapoacha kazi au kustaafu, yaani wakati ambapo umri umekwenda na kupata nyingine ni ghali. Bima ya mkopo humlipa aliyekukopesha. Mjane anabaki bila deni, nalo si jambo dogo, lakini anabaki pia bila fedha. Na bima ya mazishi huwa na kipindi cha kusubiri: mtu akifariki kwa ugonjwa kabla ya miezi iliyoandikwa, hailipi, ijapokuwa kifo cha ajali aghalabu hulipwa tangu mwanzo.

Ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ile bima ambayo mtu anaiomba mwenyewe, kwa jina lake, kwa ajili ya mke na watoto wake. Hiyo ina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni fomu ya maombi. Kuijaza ni kazi ya saa moja. Lakini nimeona fomu zilizokaa nyumbani kwa mwombaji miezi minne, zikarudi zikiwa na alama za vikombe vya chai. Fomu itakuuliza jina, umri, kazi, mapato, kiasi unachotaka kulipiwa, na watakaolipwa. Kisha itakuuliza afya yako: umewahi kulazwa, umewahi kupasuliwa, unatumia dawa gani, unavuta sigara, unakunywa pombe kiasi gani. Itakuuliza pia juu ya wazazi na ndugu zako: nani amefariki, akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani. Hapa wengi huandika "ugonjwa wa kawaida" au "homa". Majibu ya namna hiyo hurudishwa, na kila kurudishwa ni wiki moja au mbili zimekwenda. Kama baba yako alianguka ghafla shambani akiwa na miaka 52, andika hivyo hivyo.

Ushauri wangu ni kwamba jaza fomu kwa mkono wako. Wakala mwenye haraka atakwambia, "Mzee, wewe weka sahihi tu, mengine nitamalizia." Usikubali. Sahihi ni yako, na maneno yaliyo juu ya sahihi yatahesabiwa kuwa yako.

Hatua ya pili ni vielelezo, na hapa ndipo wanaume wa rika letu tunapokwama. Kampuni inataka kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa umri. Sasa, ndugu zangu, tusidanganyane. Wengi wetu tulizaliwa mara mbili: mara ya kwanza na mama zetu, mara ya pili na karani wa shule ya msingi. Yuko aliyepunguziwa miaka mitatu ili apate nafasi. Yuko aliyeitwa jina la babu yake nyumbani, la ubatizo kanisani, na jina la tatu katika cheti cha kidato cha nne. Nimeshughulikia faili la mtu mmoja mwenye karatasi nne na majina matatu, na wote hao ni yeye.

Mambo haya hutengenezeka. Cheti cha kuzaliwa hutafutwa RITA. Tofauti za majina huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Lakini huchukua siku, pengine wiki nyingi kama ulizaliwa wilaya ya mbali. Kwa hiyo anza na karatasi kabla hujaanza na fomu. Na ni heri kuzitengeneza wewe ungali hai. Ukiziacha, atakayezitengeneza ni mjane, huku akiulizwa na kila ofisi kama kweli marehemu huyu ndiye yule aliyekata bima.

Tena, umri una bei. Makampuni mengine huhesabu umri wako wa siku ya kuzaliwa inayokuja, si iliyopita. Ukichelewa ukavuka siku yako ya kuzaliwa, ada inaweza kupanda, na itabaki hapo juu kwa miaka yote ya mkataba.

Hatua ya tatu ni daktari. Si kila mwombaji hupelekwa. Kijana mwenye afya njema anayeomba kiasi kidogo huweza kukubaliwa kwa majibu ya fomu peke yake. Umri ukizidi, au kiasi kikiwa kikubwa, au fomu ikionyesha jambo, utapewa barua ya kwenda kwa daktari aliyechaguliwa na kampuni, na mara nyingi kampuni ndiyo inayolipia. Uliza kwanza ili uwe na hakika.

Huko tegemea mambo ya kawaida. Utapimwa urefu na uzito, na mzunguko wa tumbo, jambo ambalo kwa baadhi yetu litachukua futi ndefu kidogo. Utapimwa presha. Utatoa mkojo, wautazame kama una sukari au protini. Utatolewa damu ili waangalie sukari, mafuta, ini na figo, na mara nyingi virusi vya UKIMWI, baada ya kupewa ushauri na kuweka sahihi ya kukubali. Wenye umri mkubwa au wanaoomba kiasi kikubwa huongezewa kipimo cha mapigo ya moyo. Kazi nzima huchukua asubuhi moja, na majibu hufika kampuni kwa siku chache hadi wiki mbili.

Mambo madogo huokoa muda hapa. Uliza kama unatakiwa kwenda bila kula tangu usiku. Usiende baada ya usiku wa arusi. Kama unatumia dawa za presha, zitumie kama kawaida na uende na pakiti zake. Usiziache kwa kudhani utaonekana mzima. Pumzika robo saa kabla ya kupimwa, maana mtu aliyetoka kugombania daladala hupandisha presha isiyo yake. Kipimo kikiwa juu utaitwa tena, na hapo zimeongezeka siku kumi.

Hatua ya nne ni tathmini. Karatasi zako zote huwekwa mbele ya ofisa ambaye kazi yake ni kuamua kama kampuni ikupokee, na kwa ada gani. Kama kila kitu kimekamilika, hatua hii ni ya siku chache. Ikichelewa, sababu huwa moja kati ya mbili. Ya kwanza ni taarifa kutoka hospitali ulikotibiwa zamani: daktari ana wagonjwa kibarazani, na barua ya bima si mgonjwa. Hapa mwombaji anaweza kusaidia mwenyewe kwa kwenda kufuatilia, badala ya kukaa nyumbani akilaumu. Ya pili ni kiasi kikubwa. Kampuni ya bima nayo hukata bima, katika makampuni yanayoitwa ya bima mtawanyo. Yako ya hapa nchini, iko ZEP-RE yenye makao Nairobi, iko Africa Re yenye makao Lagos, na yako ya Ulaya. Ukiomba kiasi kinachopita uwezo wa kampuni yako, faili lako husafiri huko nalo, na ni lazima lisubiri jibu.

Hatua ya tano ni jibu. Yako majibu manne. Unaweza kukubaliwa kwa ada ya kawaida. Unaweza kukubaliwa kwa ada ya nyongeza, au kwa sharti kwamba jambo fulani halitalipiwa. Unaweza kuahirishwa, mathalani kama umetoka kupasuliwa juzi, au kama uko katikati ya matibabu ya kifua kikuu. Hapo huambiwa urudi baada ya kupona. Na unaweza kukataliwa. Kuahirishwa si kukataliwa. Andika tarehe ya kurudi, urudi. Tena kukataliwa na kampuni moja si kukataliwa na zote, lakini ukienda kwa nyingine ukaulizwa kama umewahi kukataliwa, sema ndiyo.

Tukijumlisha siku: kwa asiyehitaji vipimo, mwenye karatasi safi, tegemea siku tatu hadi wiki mbili. Kwa anayepelekwa kwa daktari, tegemea wiki tatu hadi sita. Kwa mwenye historia ya ugonjwa, au mwenye kuomba kiasi kikubwa, tegemea miezi miwili, hata mitatu. Mtu akikuahidi kwamba utapimwa leo na hati utaipata kesho, muulize maswali zaidi.

Sasa nafika kwenye neno ambalo ningependa mtoke nalo hapa, hata kama mtasahau mengine yote. Bima haianzi siku ulipoamua. Haianzi siku ulipojaza fomu, wala siku uliyompa wakala mkono. Kwa kawaida huanza siku kampuni imekukubali kwa maandishi na kupokea ada yako ya kwanza. Katikati hapo, mtu yuko njiani, hajafika.

Nitawapa mifano ya mafaili mawili, bila majina.

Faili la kwanza lilikuwa la mwenzetu wa shule hii hii, mbele yangu kwa madarasa mawili. Alijaza fomu mwezi wa pili, akaomba kiasi cha kuwatosha watoto wanne mpaka wamalize masomo. Akapewa barua ya kwenda kupimwa. Alikuwa mtu wa biashara ya mazao, na msimu ulikuwa unaanza. Akasema, "Nikirudi Songea." Aliporudi Songea akasema, "Nikitoka Mbeya." Kampuni ilimpigia simu mara tatu, kumbukumbu zilikuwa ndani ya faili. Mwezi wa saba alifariki barabarani usiku. Mke wake alikuja ofisini na nakala ya fomu ikiwa imefungwa vizuri ndani ya kitambaa, kwa sababu mumewe alimwambia, "Mambo ya watoto nimekwisha kuyaweka sawa." Na yeye aliamini hivyo, maskini, wala hakusema uongo, kwa fikira zake alikuwa ameyaweka sawa. Barua ya daktari ilikutwa katika kisanduku cha gari, haijafunguliwa. Nililisoma faili lile mara mbili nikitafuta mahali pa kumsaidia yule mama. Hapakuwapo. Alirudishiwa amana kidogo aliyokuwa ametanguliza mumewe. Mtoto wa kwanza, ambaye alikuwa achukuliwe chuo mwaka ule, alikwenda kusimamia duka la mjomba wake.

Faili la pili lilikuwa la mwalimu wa shule ya msingi. Huyu aliandika kila kitu: presha tangu akiwa na miaka 41, dawa anazotumia, baba aliyefariki kwa kiharusi. Alipelekwa kwa daktari mara mbili, taarifa ya hospitali ilichelewa, na jibu lilimfikia baada ya wiki tisa. Akatozwa ada ya nyongeza. Alikuja kulalamika kwangu kwamba anaadhibiwa kwa kusema kweli. Wenzake waliojibu "hapana" kila mahali wanalipa kidogo. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe unalipa zaidi sasa ili mkeo asiulizwe baadaye." Miaka mitatu ilipita, akafariki kwa maradhi ya moyo. Mke alileta cheti cha kifo, hati ya bima na kitambulisho. Hakukuwa na la kupeleleza, maana yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa na marehemu mwenyewe. Fedha zilitoka kabla ya arobaini.

Ndugu zangu, tofauti ya mafaili yale mawili si elimu wala mali. Yule wa kwanza alikuwa na uwezo mara nyingi zaidi ya mwalimu. Tofauti ni kwamba mmoja alimaliza safari na mwingine aliishia njiani.

Kwa sababu hii, unapotanguliza ada pamoja na fomu, uliza swali hili: "Nikifariki kabla hamjanijibu, mtalipa?" Makampuni mengine hutoa kinga ya muda katika kipindi hicho, mengine hayatoi. Jibu lolote utakalopewa, lipate kwa maandishi. Na kama afya yako ikibadilika kabla ya hati kutoka, waarifu. Aliyepata kiharusi kidogo wiki ya tatu akanyamaza, amejiwekea mwenyewe shimo mbele.

Fedha lipia katika akaunti ya kampuni, upate stakabadhi. Usimpe wakala mkononi, hata akiwa mtoto wa dada yako. Hakikisha pia kwamba wakala na kampuni wanatambuliwa na TIRA.

Hati ikifika, usiifungie sandukuni kabla ya kuisoma. Tazama jina lako kama limeandikwa sawasawa. Tazama tarehe ya kuanza. Tazama mambo yasiyolipiwa; kwa mfano, mikataba mingi hailipi mtu akijiua katika mwaka wa kwanza au zaidi, kama ilivyoandikwa. Tazama muhula wa nyongeza unaopewa ukichelewa kulipa ada, ambao mara nyingi ni siku 30. Ukipita huo bila kulipa, kinga inaweza kukoma, na kuifufua mara nyingi huhitaji maelezo mapya ya afya, wakati afya si ile tena. Kama jambo halikupendezi, uliza mapema kama mkataba unakupa siku za kuurudisha. Ikitokea mgogoro ambao kampuni haiutatui, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na sheria ya 2009.

Sasa neno juu ya watakaolipwa. Andika majina kamili, si "mke wangu" na "watoto". Wako kati yetu wenye wake wawili, na wako wenye watoto ambao nyumba kubwa haiwajui. Mimi si shehe wala padri wa kuwasema. Nasema tu kwamba asiyeandikwa hatalipwa kwa kuonewa huruma, na siku ya mgogoro wewe hutakuwapo kueleza. Mtoto mdogo hakabidhiwi fedha mkononi. Taja mtu mzima unayemwamini awe msimamizi wa fungu lake. Usipotaja mtu yeyote, fedha huingia katika mirathi, na ni lazima kwanza mahakama imteue msimamizi. Na ukioa tena, au aliyetajwa akitangulia, badilisha. Nimeona fedha zikisubiri mtu aliyekwisha kuzikwa miaka sita.

Tena, mwambie mkeo. Liko kundi la wanaume wanaokata bima kwa siri, wakihofia kwamba mke akijua atawaombea mabaya. Ndugu zangu, mwanamke aliyekuvumilia miaka 30 hakungojei ufe kwa ajili ya karatasi. Mwonyeshe hati iko wapi, na namba ya simu ya ofisi. Bima isiyojulikana na mtu huweza isidaiwe kabisa.

Wenzetu Waislamu wameniuliza juu ya takafuli, ambayo inapatikana siku hizi. Mpango wa fedha zake ni tofauti, na mashehe wataeleza vizuri kuliko mimi. Lakini kwa upande wa maombi, tegemeeni maswali ya umri na afya vile vile. Chungu cha pamoja hulindwa kwa kusema kweli, kiwe cha namna gani.

Kwa sisi tuliokwisha kustaafu, sitawadanganya. Kwa umri wetu bima mpya ni ghali, na makampuni mengine hayatupokei kabisa. Lakini tuna wadogo zetu na watoto wetu walio na miaka 30, wenye damu safi na karatasi zilizonyooka, ambao wangemaliza hatua zote tano kwa wiki mbili. Hao hawatausoma ushauri huu isipokuwa mtawasomea ninyi. Na ninyi wa miaka 40 na kitu mliokaa kule nyuma karibu na dirisha la jikoni, kama mlivyokuwa mkikaa zamani: kama iko fomu uliyoianza, au barua ya daktari iliyo katika mkoba au katika gari, nenda Jumatatu asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, Walimu walitufundisha hapa kwamba kazi isiyokabidhiwa haisahihishwi, hata kama imeandikwa vizuri namna gani katika daftari. Mimi nimeifanya kazi yangu miaka mingi nikipokea madaftari ya wanaume waliokusudia vema. Waliokabidhi walisahihishiwa. Naomba kila mmoja wetu akabidhi.

Nipo tayari kwa maswali.